Chombo Kimoja, Majina Mawili

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba niwatoe kidogo katika vina na mizani niwapeleke dukani. Si kwamba nimeuacha ushairi. Nimeufuata mpaka huko. Majuma matatu yaliyopita nilinunua chombo cha kielektroniki ambacho kikiwa peke yake ni kishikwambi, na kikiambatishwa kibodi yake ni kompyuta mpakato. Nimekitumia kila siku tangu hapo, alfajiri na baada ya isha. Nimeona si vibaya kuwaeleza niliyoyaona, kwa sababu sisi tunaotunga katika umri huu tunaulizana sana juu ya vyombo hivi, na wanaotujibu mara nyingi ni wauzaji.

Nianze na jina, maana ndiyo ada ya ukumbi wetu. Neno kishikwambi lilikuwa likijulikana na wachache hadi mwaka 2022, ilipofanyika Sensa ya Watu na Makazi nchini Tanzania. Makarani walipita mitaani wakiwa na vishikwambi mikononi, redio zikalitaja neno hilo kutwa kucha, na baadaye vyombo vile vikagawiwa walimu. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini nililipokea neno lenyewe kama mgao wangu. Sikio langu husikia ndani yake kitenzi shika. Kompyuta mpakato nayo ina kitenzi pakata, na ndugu zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi kwa kuunganisha pakata na tarakilishi wakapata kipakatalishi.

Kushika ni kazi ya mkono. Kupakata ni kazi ya mapaja. Mama humpakata mtoto, bibi hupakata ungo, na mwalimu asiye na meza hupakata madaftari ya kusahihisha. Basi chombo kinachodai majina yote mawili kinadai kazi zote mbili. Mkufunzi wetu wa Kiswahili katika chuo cha ualimu alikuwa akituambia kwamba neno jipya lipimwe kwa kutumiwa, si kwa kusikiwa tu. Nimeona nikipime chombo hiki kwa maneno yake yenyewe: je, kinashikika? Je, kinapakatika?

Kabla ya kujibu, nieleze kilichonipeleka dukani, kwa kuwa bei yake si ya mchezo. Pamoja na kibodi na kalamu, ambazo huuzwa mbali, nililipa zaidi ya shilingi milioni 4. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya kubadili mabati ya upande wa nyuma wa nyumba. Kijana wa dukani alinishawishi nilipe kwa awamu. “Mama, unachukua leo, unalipa kidogo kidogo, hutasikia maumivu.” Nilimshukuru nikalipa zote.

Marehemu mama yangu aliacha daftari la jalada gumu lenye utenzi wa beti 112, alioutunga kwa ajili yetu watoto wake. Aliuandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wanawake wengi wa mwambao wa rika lake. Hakuwa wa kwanza; Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na watu wanausoma hadi leo. Tofauti ni kwamba utendi ule ulinakiliwa mara nyingi, na wa mama yangu una nakala moja tu duniani. Karatasi zimegeuka rangi ya majani makavu ya mgomba. Pembe za kurasa hukatika ukizigusa. Kila ninapolifungua daftari lile, punje kadhaa hubaki juu ya meza.

Historia ya ushairi wetu inatuonya juu ya jambo hili. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyatafuta na kuyaandika akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor, kisha William Hichens akayachapa mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya mtunzi kufa. Walikuwapo washairi wengine mijini mwetu ambao hawakupata Sikujua wao. Mimi nina miaka 66, vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukakamaa, na katika watoto wetu wote hakuna anayesoma herufi hizo. Nilihesabu hivyo, kisha nikahesabu fedha za mabati.

Sasa turudi kwenye vipimo vyetu. Je, kinashikika? Skrini yake ni ya inchi 13, karibu sawa na ukurasa wa daftari kubwa, na uzito wake bila kibodi ni kama gramu 900. Mwanzoni ni raha. Unakiinua kwa mkono mmoja, unafungua kitabu, unasoma. Baada ya robo saa mkono hukumbuka kwamba gramu 900 ni karibu kilo ya sukari. Nimejifunza kukiegemeza juu ya mto, au kukiweka mezani kwa mguu wake wa nyuma unaokunjuliwa. Kwa hiyo kinashikika, ila kwa muda mfupi. Anayetaka kusoma riwaya nzima akiwa amelala chali atafute kidogo zaidi.

Je, kinapakatika? Hapa jina limekivisha sifa isiyokienea. Kompyuta mpakato ya kawaida ina kitako kizito. Ukiiweka mapajani inatulia kama mtoto aliyeshiba. Hiki uzito wake wote umo kwenye skrini, na kibodi ni nyepesi kama kifuniko cha kawa, imenaswa kwa sumaku tu. Ule mguu wa nyuma unahitaji mahali pagumu pa kusimama. Juu ya kanga unateleza, na paja likitikisika skrini hulala. Kwenye meza, hata meza ndogo ya kulia chakula, kinatulia vizuri kabisa na kibodi yake ni laini kuliko nilivyotarajia. Basi huyu ni mtoto wa kuketishwa mezani, si wa kupakatwa.

Ninachokisifu bila kusitasita ni kalamu. Nimeshika chaki miaka 34 na najua mkono unataka nini. Kwa vyombo vya zamani, ukiweka kiganja juu ya kioo, maandishi yalivurugika. Kalamu ya chombo hiki huzungumza na skrini kwa ishara zake za umeme, hivyo skrini huitambua ncha na kupuuza kiganja. Ukikandamiza, mstari hunenepa, ukilegeza, hukonda. Kwa mwandishi wa herufi za Kiarabu jambo hili si pambo, kwa maana herufi zile zina tumbo na mkia, na mkono unaokwenda kutoka kulia kwenda kushoto unahitaji pa kuegemea. Vidole vyangu vilivyokakamaa vinaiweza kalamu hii nusu saa nzima, ambapo kwa kalamu ya wino na karatasi vilikuwa vikinisimamisha baada ya dakika 10. Nadhani sababu ni kwamba haihitaji kukandamizwa ili wino utoke.

Nilipoandika hivyo kwa mara ya kwanza, nilikumbuka vibao vya chuoni. Wenye umri wangu waliokulia mwambao watakumbuka: mtoto alipewa kibao cha mti, akaandika somo lake kwa wino wa masizi, akalihifadhi, kisha akakiosha kibao na kuanza somo jipya. Kibao kimoja kilibeba masomo mengi, moja baada ya jingine. Chombo hiki kinafanya vivyo hivyo, ila yaliyofutwa kwenye uso wake yanabaki tumboni. Kama ningeulizwa siku ile neno lilipotafutwa, huenda ningependekeza kibao. Lakini kibao kimeshajaa kazi: ni ubao mdogo, ni kofi la shavuni, ni wimbo uliovuma. Kishikwambi hakina mzigo huo, na pengine ndiyo sababu kimeshika.

Wazo la chombo chenyewe si la jana. Mwaka 1972 Mmarekani Alan Kay, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika makala kueleza kompyuta bapa ya kubebwa aliyoiita Dynabook, yenye ukubwa wa daftari, skrini na kibodi. Aliwakusudia hasa watoto, wasome na watunge vitu vyao wenyewe. Ufundi wa wakati ule haukuweza kuiunda. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilitoa iPad, ambayo watu waliipenda zaidi kwa kusoma na kutazama. Mwaka 2012 Microsoft ikaonyesha Surface, yenye mguu wa nyuma na kifuniko chenye kibodi, na mwaka 2015 Apple nayo ikaleta iPad Pro yenye kibodi na kalamu. Changu ni cha ukoo huo. Sitakitaja, kwa kuwa sikutumwa kukitangaza wala kukichongea.

Nikishasifu, sina budi kulalamika, na lalamiko langu kubwa linatuhusu sote. Chombo hiki hakikujua kwamba mimi ni Mswahili. Siku ya kwanza niliandika neno “vina”, likageuzwa mbele ya macho yangu likawa neno la Kiingereza la mti utambaao. Nikaandika “beti”, likawa “bora” ya Kiingereza. Kila mstari wangu ulipigiwa wino mwekundu chini, ukurasa mzima, kama daftari la mwanafunzi aliyekuja mtihani bila kusoma. Nimepiga wino mwekundu katika madaftari ya watu miaka 34. Sikuwahi kupigiwa mimi kwa kosa la kuandika Kiswahili sanifu.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili alicheka hadi akakaa chini. “Bibi, kinakusahihisha!” Nikamwambia, “Mjukuu wangu, msahihishaji asiyejua somo huitwa mvurugaji.” Alinionyesha mahali pa kuzima masahihisho yale, nikazima. Pia alinionyesha jinsi ya kuingiza maneno katika kamusi ya chombo, moja moja. Nimeshaingiza vina, mizani, ukwapi, utao, mwandamo, kibwagizo, beti na mengine mengi. Namfundisha taratibu kama nilivyofundisha kidato cha kwanza. Lakini fikirini: lugha yenye wazungumzaji mamilioni kwa mamilioni, na mwenye chombo cha milioni 4 anaifundisha neno kwa neno, nyumbani kwake, kwa kidole. Jirani yangu akinunua kama hiki kesho ataanza tena upya.

Kwa herufi za Kiarabu hali ina tofauti kidogo. Kibodi ya Kiarabu ya kawaida haikupangiwa sauti zetu za p na ch. Nimetumia mpangilio wa Kiajemi, ambao una p, ch na g, maana Waajemi walizihitaji kabla ya kompyuta kuwapo. Ila vitabu na madaftari yetu ya zamani hayakufuata kanuni moja. Waandishi wengi waliandika p kwa herufi ya b, na sauti ya m katika mb hawakuiandika kabisa. Irabu e na i zilichukua alama moja. O na u vilevile. Wataalamu kama Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa walipendekeza njia za kuondoa utata huo, lakini mama yangu aliandika kama alivyofundishwa. Basi katika hati ya aina hiyo, kopa, komba na kumba huweza kuandikwa sawasawa.

Hapo ndipo chombo hiki kilipolipa deni lake, nami nawaomba mnivumilie nieleze kwa urefu. Ubeti wa 47 wa utenzi wa mama umekuwa na mjadala katika familia yetu tangu tulipomzika. Dada yangu mkubwa husoma hivi:

Kukopa si utukufu
Hata uwapo dhaifu
Moyo uwe mkunjufu
Kwa kile kilobakia

Kaka yangu husoma mshororo wa kwanza “Kukomba si utukufu”. Washairi mtaona kwamba vina havisaidii, kwa kuwa neno lenyewe limekaa mwanzo. Mizani nayo ni minane kwa vyovyote. Maana inakubali pande zote mbili. Dada hukumbuka kwamba mama aliogopa madeni. Baba alipofariki aliuza cherehani yake ili alipe deni la duka, na hakukopa tena. Kaka hukumbuka kwamba mama hakuruhusu chungu kikombwe. Ilikuwa lazima kibaki chakula cha mtu mmoja, kwa ajili ya mpita njia ambaye hajulikani. Na tazameni mshororo wa mwisho: kile kilobakia chaweza kuwa cha mfukoni, chaweza kuwa cha chunguni. Mimi niliandika zote mbili pembeni mwa daftari langu, nikawaacha wakubwa zangu washindane kila sikukuu.

Neno lile limeandikwa mahali karatasi ilipokunjwa. Kwa macho na kwa miwani ya kukuzia huonekana weusi tu chini ya herufi. Nililipiga ukurasa ule picha kwa mwanga wa asubuhi, kando ya dirisha, nikaufungua katika skrini ile kubwa na kuupanua kwa vidole viwili. Kisha nikaongeza mwanga wa picha na kukoleza rangi. Katika kunjo lile zikajitokeza nukta tatu, na nukta tatu ni p: kukopa. Nilikuwa tayari kumpigia dada simu. Nikapanua tena. Nukta ya katikati ilikuwa nyeusi iliyochujuka, ya wino uleule wa ukurasa mzima. Nyingine mbili zilikuwa za buluu, zenye ukingo mkavu, za kalamu ya risasi ya wino ambayo mama alianza kuitumia alipozeeka na kuona taabu ya kuchovya.

Daftari lile lilikaa ndani ya kasha lake, na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Hakuna mkono mwingine ulioligusa. Kwa hiyo aliandika neno kwa nukta moja, kama alivyoandika sauti zile zote mahali pengine, na miaka mingi baadaye akalirudia peke yake, akaongeza nukta mbili ili watoto wake wasikose kuelewa. Kama mwanzo alikusudia kukomba kisha akabadili, au tangu mwanzo alikusudia kukopa akaona ni vema alifafanue, nukta hazisemi. Lakini neno lake la mwisho ni kukopa.

Niliwatumia wote wawili picha ile. Dada aliandika, “Alhamdulillahi, nilisema.” Kaka alikaa siku mbili, kisha akanipigia. “Mdogo wangu, weka kukopa. Lakini chini yake andika kwamba chungu chake hakikukombwa.” Nimeandika hivyo. Katika nakala safi, chini ya ubeti wa 47, kuna maelezo ya mistari mitatu juu ya chungu cha mama yetu. Nadhani ni maelezo bora kuliko mengi niliyowahi kusahihisha katika insha.

Je, kazi hii isingewezekana kwa simu ya kawaida? Picha ingepigika, ndiyo. Lakini kufungua picha upande mmoja wa skrini, na upande wa pili kuandika beti kwa kalamu kisha kwa kibodi, bila kuhama, ni jambo ambalo simu haliwezi na kompyuta mpakato yangu ya zamani haikuliweza. Faida ya majina mawili ni hiyo. Asubuhi natoa kibodi, nanakili kwa kalamu herufi za mama kama zilivyo. Usiku narudisha kibodi, naandika ubeti uleule kwa herufi za Kirumi. Chombo ni kimoja, na beti hazipotei njiani kutoka cha kwanza kwenda cha pili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa washairi ni huu. Anayetunga kwa kuchapa tu, na hana hati za kusoma wala haja ya kalamu, anunue kompyuta mpakato ya kawaida kwa nusu ya bei, aipakate kwa raha zake. Anayetaka kusoma tu anunue kishikwambi kidogo. Mwenye kazi ya kutoka mkono kwenda mkono, ya kunakili, kuchora, kusahihisha na kuchapa, na mwenye vidole kama vyangu, atakiona chombo hiki kina thamani. Akinunue pamoja na kalamu, azime masahihisho siku hiyohiyo, na asikitumie barazani adhuhuri, kwa maana kioo chake hung'aa hadi usione ila uso wako. Umeme ukikatika, changu hudumu saa saba hivi za kuandika. Zinatosha mpaka urudi, siku nyingi.

Nakala nimeziweka mahali pa tatu: ndani ya chombo, katika kijiti cha kuhifadhia kwa dada, na kwenye mtandao kwa jina la mjukuu, ambaye sasa ameomba afundishwe herufi zile. Tumeanza na alifu na be, na namna be inavyogeuka pe. Beti zilizokamilika ni 61. Mvua za vuli zimeanza, na chini ya bati lililotoboka nimeweka ndoo.